Mbwa wa sukari nao wapimwe kama panya wa Morogoro

Siku hizi video za mbwa anamwamsha mtu mwenye kisukari usiku eti sukari imeshuka zimejaa kila kona, anamlamba, anamparamia na miguu, mtu anaamka anapima anakuta 3.1, kweli iko chini, basi watu wanalia kwenye komenti. Mi sibishi kwamba mbwa ananusa. Uingereza shirika la Medical Detection Dogs lipo tangu 2008 na limefundisha mbwa kazi hiyo, na 2016 watafiti wa Cambridge walipima pumzi za wanawake wanane wenye kisukari aina ya kwanza, wakakuta sukari ikishuka kuna kemikali inaitwa isoprini inapanda, wengine karibu mara mbili. Kwa hiyo huenda ndo hiyo mbwa anaisikia, sio uchawi.

Swali langu ni moja tu, huyo mbwa akishafika nyumbani kwa mtu nani anampima?

Twende Morogoro pale SUA, chuo kikuu cha kilimo, shirika la APOPO linafundisha panya buku kunusa TB kwenye makohozi. Kati ya sampuli anazopitishiwa panya zipo ambazo waalimu wanajua kabisa zina TB, akizipatia anakula, na akiashiria ile ambayo kituo cha afya kilisema haina, inarudi maabara kuthibitishwa kwanza. Yaani panya kila siku yuko kwenye mtihani.

Mbwa naye anaanza hivyo hivyo. Unafuta jasho au mate sukari ikiwa chini, unaweka kwenye friza, halafu anafundishwa kuitambua hiyo harufu kati ya nyingine, akipatia anapewa nyama, baadaye anafundishwa kukugusa na pua au kukuletea kipimo. Safi. Ila akihamia kwako mtihani umeisha, na wewe unakumbuka siku aliyopatia, zile usiku sukari imeshuka na yeye anakoroma huzijui maana hamna aliyepima.

Ndo maana namba zinagongana. Utafiti wa Uingereza wa 2019 kwa mbwa 27 ulisema mbwa wa katikati, ukiwapanga wote kwa alama, anakamata asilimia 83 ya kushuka kwa sukari, lakini rekodi waliandika wenye mbwa wenyewe. Marekani 2017 wakachukua mbwa wanane, wamiliki wakavalishwa sensa, kifaa cha mwilini kinachosoma sukari muda wote, ila wao hawaoni inasoma nini, mbwa wakakamata asilimia 36 tu, na kati ya mara zote walizotoa taarifa ni asilimia 12 tu ndo sukari ilikuwa chini kweli!! Pale ambapo sensa na mbwa wote walishtuka, mara nyingi sensa ilitangulia. Sasa wewe ndo ulie na video.

Na kuna hela hapo. Virginia mwaka 2018 mwanasheria mkuu wa jimbo alimpeleka mahakamani muuzaji aliyekuwa anauza mbwa wa hivi kwa dola 18,000 mpaka 27,000, akidai familia zilipewa watoto wa mbwa wasiojua kitu. Kwa hela hiyo hapa kwetu unanunua stripu za kupimia mpaka unazeeka. (Halafu kwetu pwani mate ya mbwa ni najisi, ukilambwa uso saa tisa usiku una kazi nyingine kabla ya alfajiri, lakini hilo kila mtu na nyumba yake.)

Simkatai mbwa. Kuna watu wamekaa na kisukari miaka mingi mpaka mwili umeacha kutoa dalili, hatetemeki, hatoki jasho, anadondoka tu, huyo kuwa na mbwa pamoja na sensa namuelewa kabisa. Ila mbwa akikugusa toboa kidole upime kwanza ndo unywe soda, labda uwe unajisikia vibaya na kipimo hakipo karibu, hapo kunywa tu. Halafu andika kila kitu, hata zile mara mashine imelia na yeye amelala fofofo, na hilo daftari ndo mdai muuzaji akuonyeshe la mbwa wake waliotangulia kabla hujatoa hata senti.