Waacheni maaskofu waongee

Juzi redioni kulikuwa na ule mjadala wetu usioisha wa dini na siasa, na mchangiaji mmoja, msomi tu wa kueleweka, akasema maaskofu wa siku hizi kazi yao ni "ku-pontificate", yaani kutoa matamko kwa majivuno kana kwamba hawakosei. Wenzake wakacheka, mtangazaji akaweka matangazo. Mimi nilikasirika na bado nina hasira, manake pale neno lilitumika kuwafunga watu midomo, wakati historia yake ukiifuata inakupeleka kwingine kabisa.

Wengi wanadhani limezaliwa na Mapapa, kwa kuwa Papa ana cheo cha "pontifex". Hapana. Ma-"pontifex" walikuwepo Roma karne nyingi kabla ya Kristo, makuhani wa miungu ya kule, na mkubwa wao ndo aliitwa Pontifex Maximus. Varro, msomi wa Kirumi, alisema jina limetoka kwenye daraja, "pons", na kutengeneza, "facere", kwa sababu wao ndio waliojenga na kukarabati lile daraja la miti la mto Tiber, Pons Sublicius. Kuhani mkuu mmoja, Scaevola, alilitoa kwenye "posse", yaani kuweza, Varro akamkatalia. Maana iliyoshika ni ya daraja, na Papa Francis Machi 2013 aliwakumbusha mabalozi hiyohiyo, kwamba cheo chake ni cha mjenga madaraja.

Sasa majivuno yaliingilia wapi? Hapa ndo nataka tuelewane. Hao makuhani walishika kalenda. Wao ndio waliosema leo mahakama inakaa na leo haikai, wao ndio waliojua maneno yanayotakiwa kufungulia kesi, kwa hiyo mtu wa kawaida mwenye shauri lake ilibidi aende akawaulize, na wakishajibu ndo imetoka hiyo, utakata rufaa wapi. Mpaka mwaka 304 KK, karani mmoja, Gnaeus Flavius, mtoto wa mtu aliyewahi kuwa mtumwa, akaianika kalenda kwenye mbao nyeupe pale Forum, uwanja mkuu wa Roma, ili kila mtu ajionee. Wakubwa walichukia sana! Na bado mamlaka ya kuongeza mwezi kwenye mwaka yalibaki kwa makuhani, wakati mwingine wanauongeza au kuuacha kwa faida ya mwanasiasa fulani, kalenda ikapotea kabisa, hadi Julius Caesar, ambaye mwenyewe alikuwa Pontifex Maximus tangu 63 KK, akalazimika kuufanya mwaka 46 KK uwe na siku 445 ndo mambo yakae sawa. Yaani kwangu mimi ubaya uko hapo, mtu anatamka jambo linaloamua maisha yako na wewe huna pa kulihakikisha wala pa kumuuliza. Sauti nzito na maneno makubwa ni mapambo tu.

Kanisa lilirithi cheo, na ndiyo, nakubali kwa shingo upande, na ugonjwa wake pia. Tertullian wa Carthage, Mwafrika mwenzetu, mwanzoni mwa karne ya 3 alishamwita askofu mmoja "pontifex maximus" kwa kumkejeli, baada ya huyo askofu kutoa tamko kwamba wazinzi wakitubu watasamehewa. Kwa hiyo kejeli imekitangulia mbali kile kitenzi cha Kiingereza, ambacho maana yake ya kutamka kwa majivuno ni ya karne ya 19 tu. Halafu Mtaguso wa Vatikano wa 1870 ukatangaza kwamba Papa akifundisha rasmi imani na maadili hawezi kukosea, wakosoaji wakapata kuni za kutosha. Sawa.

Lakini hebu nendeni Malawi, Kwaresima ya 1992. Maaskofu 7 wanaandika barua, inasomwa makanisani, inataja shule mbovu, hospitali, wachache wanaotajirika, watu wanaoogopa kusema. Polisi wanawahoji maaskofu wazima. Nani pale alikuwa anatamka bila kuulizwa? Kamuzu Banda, rais wa maisha! Mwaka uliofuata wananchi wakapiga kura ya maoni wakachagua vyama vingi. Na hapa kwetu, waraka wa TEC, Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania, wa 2023 kuhusu bandari, unaweza usiupende, na wengi waliupinga hadharani, lakini uliandikwa, ukasomwa, ukajibiwa. Kitu kinachojibika hivyo huwezi kukiita kwa neno lile.

Ninachowadai maaskofu wangu ni kimoja, na nawadai kwa mapenzi. Waraka ukishasomwa Jumapili usiishie kukunjwa. Uende kwenye jumuiya ndogondogo, watu waulize, wapinge, majibu yarudi jimboni na askofu ayasome, na asiyekubaliana asiambiwe hana imani.