Tairodi iliyonyooshwa ni ya kukufikisha tu

Jiwe lilipogonga chini ya gari, sikusikia kishindo cha kutisha. Ulikuwa mlio mzito, mfupi, kama gunia limedondoshwa, kisha usukani ukanichomoka mikononi robo mzunguko. Tulikuwa ndani ya mkondo wa mto uliokauka, gia nzito, mwendo wa mtu anayetembea. Nikashuka, nikazunguka gari, sikuona kitu. Matairi yalikuwa na upepo, hakuna mafuta yaliyomwagika. Mwenzangu ndiye aliyegeuka kutazama tulikotoka, akanionyesha mchangani. Tairi la kulia lilikuwa limeacha alama safi, kashata, vile vibonge vya mpira vya tairi, moja moja unaihesabu. La kushoto lilikuwa limeufagia mchanga pembeni kama jembe. Lilikuwa likiburutwa, halizunguki sawasawa.

Nikalala chini. Tairodi, ile fimbo ndefu inayoyaunganisha matairi mawili ya mbele ili yageuke pamoja, ilikuwa imejikunja katikati kama upinde.

Naandika haya kwa sababu ya jambo moja ninaloliona mara nyingi mno: watu wananyoosha tairodi porini, wanafika nyumbani salama, halafu wanaendelea nayo. Gari linakwenda, usukani umekaa katikati, basi mambo yameisha. Hayajaisha.

Tuanze na hesabu, maana wengi wanaudharau mpindo mdogo. Chukua fimbo ya urefu wa milimita 1,200, ipinde katikati kwa milimita 60 tu. Kutoka ncha hadi ncha itafupika kama milimita 6. Zinaonekana chache. Lakini mkono wa chuma unaogeuza tairi, ule unaoshikana na fimbo, ni mfupi, tuseme milimita 150, na tairi lenyewe lina kipenyo kinachokaribia milimita 800. Ukizipeleka zile milimita 6 hadi ukingoni mwa tairi, tofauti kati ya nafasi ya mbele na ya nyuma ya matairi inafika sentimita 3. Magari mengi ya ekseli ngumu, yaani mhimili mmoja unaoshika matairi yote mawili ya mbele, yanataka milimita chache tu, mengine sifuri. Kwa sentimita 3 matairi yanapigana njia nzima.

Yanapigana vipi, inategemea fimbo imekaa wapi. Kwenye Land Rover Defender ya zamani na Land Cruiser ya modeli ya 80, tairodi iko nyuma ya ekseli, kwa hiyo ikifupika inavuta sehemu za nyuma za matairi ndani na mbele yanatanuka. Gari linakuwa na kiherehere, linatafuta shimo la kuingia, na ukiongeza mwendo hulishiki. Fimbo ikiwa mbele ya ekseli, matairi yanatazamana. Ikipinda ile nyingine, inayotoka kwenye stelingi boksi, boksi la gia za usukani, kwenda kwenye tairi, matairi yenyewe mara nyingi yanabaki sambamba, ila usukani unakaa upande gari likiwa linakwenda moja kwa moja, na kukata kona upande mmoja kunapungua. Ukijua hivi, usukani na alama za mchangani vinakuambia pa kutazama kabla hujachafua nguo.

Sasa, ukiwa mbali na fundi, kunyoosha ni halali kabisa. Silipingi hilo, hata mimi nilinyoosha. Ifungue kwanza: toa kota pini, ile inayozuia nati isifunguke, legeza nati lakini iache imeshika nyuzi chache, kisha piga nyundo ubavuni mwa jicho la mkono wa tairi lililoshika kichwa cha tairodi, kile kiungo cha kwenye ncha ya fimbo, si juu ya nyuzi. Mapigo mawili matatu ya uhakika, kichwa kinaruka chenyewe. Ukipiga nyuzi umeiharibu nati, na safari yako imelala hapo.

Kisha ilaze fimbo juu ya magogo mawili chini ya chasisi, nundu ikitazama juu. Simamisha jeki ya chupa juu ya nundu, kichwa chake kiegemee chasisi, upampu polepole. Uzito wa gari ndio unaonyoosha. Gari liwe limezuiwa matairi kwa mawe, na hakuna mtu wa kuingiza kichwa wala mkono hapo. Utaona chuma kinalala hadi kinanyooka, na ukilegeza jeki kinarudi nyuma kidogo. Kwa hiyo lazima ukivushe mstari ndipo kibaki sawa. Usikiwashie moto. Moto unalegeza chuma, na utakuwa umejitengenezea ugonjwa mwingine.

Ukiirudisha, pima. Weka alama ya chaki katikati ya kashata za matairi yote mawili, upande wa mbele, kwenye kimo cha kitovu cha tairi. Pima kati ya alama, sukuma gari hadi alama zilezile zifike nyuma kwenye kimo kilekile, pima tena. Kamba inatosha kama huna futi. Halafu ifunge fimbo gango: kipande cha chuma cha pembe, au hata mpini wa jeki, ukakaze kwa mkanda wa kufungia mzigo au yubolti, bolti ya umbo la U. Tulitumia mpini wa jeki. Kila baada ya kilomita 5 tulisimama, nikaingiza mkono chini na kuipapasa ile fimbo kuona kama imeanza tena kutoa nundu. Mara ya tatu ilikuwa imeanza.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Chuma kilichopinda na kunyooshwa si kile cha mwanzo. Kikisukumwa tena upande uleule kinalegea mapema kuliko zamani, na pale ulipopindia panaweza kuwa na nyufa usizoziona kwa macho. Fimbo inayopinda imekupa nafasi ya kusimama. Ikikatika barabarani, ukiwa kwenye mwendo, kila tairi linakwenda linakotaka na usukani mkononi mwako hauna kazi.

Kuna wanaonijibu: weka fimbo nene, tatizo limekwisha. Ni kweli unene unalipa sana. Fimbo mango ya milimita 32 ikisukumwa kutoka nchani inastahimili kujikunja karibu mara 2.7 kuliko ya milimita 25, kwa chuma kilekile na urefu uleule. Lakini nguvu ya jiwe haipotei, inahamia kwingine: kwenye vichwa vya tairodi, kwenye mikono ya magurudumu, ile inayogeuza matairi, na kwenye stelingi boksi na bolti zinazoishika kwenye chasisi. Mimi naafiki kuongeza unene kiasi, hasa kama umeweka matairi makubwa au loki ya difu ya mbele, inayoyalazimisha matairi mawili ya mbele yazunguke pamoja. Siafiki kuweka chuma kisichopinda kabisa. Ni heri kipinde kitu ninachokiona nikiinama, ambacho nimebeba cha akiba.

Na mara nyingi anayeipinda si jiwe peke yake, ni dereva. Tairi limebanwa kati ya mawe mawili, gari limesimama, naye anaukata usukani kwa nguvu zote huku pampu ya usukani ikilia. Ile pampu haijui kwamba tairi haliwezi kugeuka. Legeza usukani, rudi nyuma nusu mita, kisha ugeuze gari likiwa linatembea.

Niliwahi kununua gari lililotumika ambalo tairodi yake ilikuwa imepakwa rangi nyeusi nzuri, inang'aa. Nilipoviringisha ile fimbo juu ya kioo ikacheza kama yai. Aliyeniuzia alijua, maana hakuna anayepaka rangi tairodi peke yake na kuacha ekseli nzima ina kutu. Lilinikera, na linanikera hadi leo, kwa sababu wanangu walikuwa wakipanda gari lile.

Ile ya mtoni niliitoa siku ileile nilipopata mpya. Pamoja nayo nilibadilisha vichwa vyote viwili, na kuikagua mikono ya magurudumu kwa brashi na mafuta ya taa nikitafuta nyufa. Kisha nikaikata vipande viwili kwa msumeno, asije mtu akaiokota na kuinyoosha.