Mke Mwenza Aliyetupeleka Hail

Shangazi yake mke wangu anakaa Hail, pale Seeb, Oman, mwendo wa dakika 15 kutoka uwanja wa ndege wa Muscat. Dakika 15! Juni 2019, mimi na mke wangu tulizimaliza kwa saa tano.

Wala si kwamba nilikwenda kichwa kichwa. Tangu Dar es Salaam nilikuwa nimekusanya viongozi wanne wa njia. Wa kwanza simu yangu, ambayo ramani zake hazifunguki bila bando, na kununua laini pale uwanjani kwa safari ya dakika 15 nikaona ni kutupa pesa. Wa pili ramani ya karatasi, ambayo ukishaikunjua mara moja hairudi kwenye mikunjo yake mpaka kiama. Wa tatu Shangazi mwenyewe, aliyetutumia jumbe za sauti 11.

Shangazi aliondoka Unguja miaka ya 70, na tangu hapo hajawahi kushika usukani. Oman anaijua kwa kiti cha nyuma. "Mkitoka uwanjani msielekee Muscat, nyie fateni kama mnakwenda Sohar. Mtauona msikiti, huo uacheni. Mtauona mwengine, na huo uacheni. Mkifika pale palipokuwa na duka la Malabari, siku hizi pamevunjwa, hapo ndipo mkunje." Ujumbe wa saba wote, dakika nne kamili, ulikuwa habari za harusi ya jirani.

Wa nne kisanduku cha GPS alichoniazima shemeji, cha enzi alipokuwa akifanya kazi Dubai. Ndani yake mna mwanamke anayesema Kiingereza kwa sauti laini, asiyekasirika hata umkosee vipi. Mke wangu alimsikia mara moja tu pale sebuleni, akampa jina: mke mwenza.

Tulipokabidhiwa gari la kukodi mke wangu akasema tumfuate Shangazi. Nikacheka. Nikamweleza kwa upole, kama mtu aliyesoma, kwamba mke mwenza anapata habari zake kwenye satelaiti zilizo kilomita 20,200 juu angani, na Shangazi yuko ghorofa ya pili.

Nikaandika Hail. Sasa majina ya Kiarabu ukiyatia katika herufi zetu, kila mtu huandika alivyosikia: Hail, Hayl, Al Hayl. Kisanduku kikamwaga orodha ndefu. Nikabonyeza jina la juu kabisa, Hayl al Ghaf. Al Ghaf nikadhani ni mtaa.

Safari ikaanza. Sisi kwetu tunaendesha kushoto, wao kulia, kwa hiyo usukani uko pale ninapomzoea abiria. Indiketa nayo imehamia mkono wa pili. Kila nilipotaka kukata kona, waipa zilifuta kioo kikavu, jua likiwa nyuzi 40 na ushei. Halafu vipilefti. Kwetu jina lenyewe ni mwalimu, linakwambia ushike kushoto. Kule unakizunguka kinyume, na kipilefti cha kushika kulia mpaka leo sijui kinaitwaje. Cha kwanza nilikizunguka mara tatu, mke mwenza akisema "njia ya pili, njia ya pili", mke wa ndoa akisoma Ayatul Kursiy.

Nikiwa katika hali hiyo nisingeweza kujiuliza mbona dakika 15 zimekwisha na majengo yanapungua. Tukapita Wadi Adai, tukapanda milima ya Amerat. Majabali matupu, hata mbuzi hakuna.

"Baba Nasra, kibao kimeandikwa Quriyat."

"Ni njia ya mkato."

Kimya. Baada ya muda akasoma kingine.

"Sasa kimeandikwa Sur. Sur si ndiko yalikotokea majahazi kuja Unguja? Unaturudisha nyumbani?" Kisha akaongeza, maana huyu babu yake alikuwa nahodha, "Na hata ukitaka, huu ni mwezi wa kusi. Upepo unatoka kwetu kuja huku. Hatufiki."

Sikumjibu. Mwanamume akishasema ni njia ya mkato, hana tena pa kurudi.

Hatimaye mke mwenza akatangaza kwa furaha kwamba tumefika. Mbele yetu kulikuwa na mitende, miembe, mfereji wa maji ya falaj na ukuta wa udongo. Chini ya mwembe alikaa mzee na kofia yake ya vito.

"Shangazi anakaa ghorofa ya pili," mke wangu akasema. "Nioneshe ghorofa."

Hapo tukagombana, na tuligombana vizuri, vioo viko wazi. Mwisho akasema, "Shuka ukamuulize yule mzee, kama macho yanaona. Na hicho Kiarabu chako cha dua ya kula sijui atakielewa vipi."

Nikashuka. Nikasalimia, nikatunga swali langu la Kiarabu kwa dakika nzima, nikalisema.

"Hail ndiyo hii, mwanangu," mzee akajibu. "Ziko nyingi. Wewe unaitaka ipi?" Akainama kidogo kutazama ndani ya gari. "Na macho yanaona, bibi, alhamdulillahi."

Mke wangu alijifunika mtandio uso mzima. Ningekuwa na akili, ile kofia ya Kiunguja peke yake ingenishtua.

Mzee akatoa kitochi chake, akataka namba ya Shangazi, akampigia atuulizie njia. Njia haikuulizwa. "Wewe wa wapi Unguja?" Ng'ambo. "Ng'ambo ipi?" Wakaanzia Miembeni, wakapita Kikwajuni, nyumba kwa nyumba, nani alimuoa nani, mwalimu wa chuo cha Kurani alikuwa nani na fimbo yake aliiweka wapi. Miaka mingi hawajakanyaga mitaa ile, na hawakupotea hata uchochoro mmoja. Walipofika Rahaleo nikakaa chini.

Baada ya robo tatu ya saa nikapewa simu. Nilijitayarisha kutukanwa.

"Mko Hail al Ghaf?" Shangazi akauliza. "Kwenye embe? Basi nileteeni ndoo mbili."

Mzee alikataa pesa. Akatujazia ndoo, akatuelekeza: rudini mlikotoka, mtauona msikiti, huo uacheni.

Njia nzima ya kurudi mke wangu alizifungua jumbe za Shangazi moja baada ya moja, mpaka ule wa harusi. Mke mwenza naye hakunyamaza. Kila baada ya dakika mbili alinisihi nigeuze gari, turudi Hail al Ghaf. Mimi nilihofia kutoa mkono kwenye usukani nikawasha waipa tena. Nikamwomba mke wangu amzime.

"Simgusi. Umemleta mwenyewe."

Duka la Malabari lilikuwa limevunjwa kweli, na palipovunjwa palijulikana, sijui kwa nini. Tukakunja. Shangazi alikuwa kashateremka, yuko barazani. Akatukumbatia, akazipokea ndoo, akanusa embe moja, akaifinya. Nyuma yetu, ndani ya gari lililokwisha kuzimwa, sauti ya mwanamke ikasihi tena, kwa upole uleule.

Shangazi akachungulia kiti cha mbele.

"Na huyo mwengine," akasema, "mbona hamumteremshi?"