Wanyama wahesabiwe kabla mashine haijazamishwa

Watu wakisikia mtu wa Dodoma anaongelea mashine za umeme wa baharini wanashangaa, huku kwetu ni vumbi na zabibu. Lakini Wizara ya Nishati iko hapa, mambo ya mazingira yako hapa, Bunge liko hapa, kwa hiyo siku mwekezaji akija na mpango wa kufunga mashine za kuzungushwa na mkondo wa bahari wa kupwa na kujaa kule Pemba au Mafia, makaratasi yake yatasomwa Mtumba kwenye mji wa serikali hapa Dodoma, sio Kilindoni kule Mafia.

Mi nachotaka ni kitu kimoja tu. Kufuatilia wanyama kuanze kabla ya mashine kushuka majini, tena mapema sana.

Mradi wa umeme wa maji wa Kihansi, kule milima ya Udzungwa, ulishatufundisha. Yule chura mdogo wa njano aligunduliwa 1996, mradi huo wa megawati 180 ukiwa umeshaanza, na duniani kote alikuwa anaishi kwenye rasharasha za yale maporomoko tu, maji yalipogeuzwa kwenda kwenye mitambo rasharasha ikakata, mwaka 2000 vyura kama 500 wakapelekwa Marekani kutunzwa, 2009 wakatangazwa wametoweka porini, ndo 2012 wakaanza kurudishwa. Na hapo ni nchi kavu jamani, mtu anavaa buti anaingia korongoni anahesabu.

Sasa baharini unahesabuje? Kwenye mitambo ya upepo kama hiyo inayozungumziwa Singida, ikigonga popo au tai, mtu anapita chini anaokota mzoga. Baharini mzoga unaondoka na mkondo. Maji yanayofaa kwa umeme ndo hayo yanayokimbia sana, mara nyingi yana tope, usiku kamera haioni kitu mpaka uwashe taa, na taa yenyewe inavuta samaki. Inabidi utumie sona, yaani chombo kinachotuma sauti majini na kusoma mwangwi wake, na maikrofoni za chini ya maji za kusikiliza pomboo, halafu kuwe na mtaalamu wa kuchambua hayo yote. Kwa hiyo mtu akiniambia "hakuna mnyama aliyeonekana kufa" namuuliza, mliangalia na nini?

Inawezekana kufanya vizuri. Strangford Lough, Ireland ya Kaskazini, walifunga mashine inaitwa SeaGen mwaka 2008, megawati 1.2, na sehemu ile ina sili wengi, wale wanyama wa baharini wanaopanda miambani kupumzika. Wanyama walianza kufuatiliwa miaka kadhaa kabla, sili wakafungwa vifaa vya kuonesha wanakopita, na mwanzoni mtu alikuwa anakaa anaangalia sona, sili akisogea karibu mashine inazimwa. Ikaonekana sili wanaendelea kupita ila wanaikwepa kidogo. Jibu hilo lilipatikana kwa sababu kulikuwa na data za nyuma za kulinganisha, bila hizo yangekuwa maneno tu.

Na jibu la sili wa kule halimhusu nguva wa Rufiji. Sisi tuna nguva wachache mno waliobaki, tuna papa potwe wa Mafia, kasa, na nyangumi wanaopita pwani yetu kati ya Julai na Oktoba. Papa na wale samaki bapa wanaoitwa taa wanahisi umeme majini, kwa hiyo hata waya wa kuleta umeme ufukweni unatakiwa kuangaliwa. Halafu mashine moja ikionekana salama haimaanishi hamsini zitakuwa salama, hapo watu wanapenda sana kurukia hitimisho.

Najua watasema gharama, mwekezaji atakimbia. Mi nataka umeme pia, na umeme wa mkondo una raha yake maana ratiba ya kupwa na kujaa inajulikana miaka mbele. Ila maikrofoni za kusikiliza bahari zinaweza kuwekwa hata sasa hivi kabla hajaja mwekezaji yeyote, na wavuvi wa Mafia na Pemba walipwe kuandika wanachokiona kila msimu, na data ziwekwe wazi kila mtu azisome. NEMC, lile baraza la taifa la mazingira, wakiletewa tathmini ya mradi wa hivyo, ukurasa wa kwanza kuutafuta uwe ule wa misimu iliyopita: nani alipita hapa, lini, na kina gani. Kama haupo, faili lirudi.