Hoteli ndogo, anzeni na chumba cha pampu

Katika hoteli nyingi duniani utakuta kadi ndogo bafuni au kitandani inayomwomba mgeni atundike taulo lake badala ya kuliacha sakafuni, ili kuyalinda mazingira. Mwaka 1983 mwanafunzi wa Marekani aitwaye Jay Westerveld aliikuta kadi ya namna hiyo katika hoteli ya ufukweni nchini Fiji, wakati hoteli yenyewe ilikuwa mbioni kujitanua. Mwaka 1986 aliandika insha kuhusu unafiki huo, na tangu hapo dunia imekuwa na jina, "greenwashing", la tabia ya biashara kujipaka rangi ya kijani usoni huku mgongo ukibaki vilevile.

Kadi yenyewe sina ugomvi nayo. Inasaidia, na inasaidia zaidi ikiandikwa kwa akili. Watafiti Noah Goldstein, Robert Cialdini na Vladas Griskevicius walichapisha mwaka 2008 matokeo ya jaribio walilolifanya hotelini. Kadi ya kawaida ya kuhimiza utunzaji wa mazingira iliwafanya takriban asilimia 35 ya wageni watumie taulo tena, na iliyosema kwamba wageni wengi wa hoteli hiyo hufanya hivyo ikafikisha asilimia 44. Kilichobadilika ni maneno tu. Ninachokipinga ni kuona kazi yote ikiishia kwenye kadi, mirija ya mianzi na kibao cha mbao pale mapokezi.

Kwa maoni yangu, hoteli ndogo inayotaka kweli kupunguza madhara yake iviache kwanza vitu vinavyoonekana na mgeni. Ianzie nyuma: chumba cha pampu, hita za maji, dobi, jiko, mashimo ya maji taka. Huko ndiko umeme, gesi na maji vinakotafunwa, na huko ndiko hoteli ndogo inakoweza kuishinda hoteli kubwa. Mwenye vyumba 12 hahitaji kikao cha bodi ili abadilishe boya la tangi. Anamjua fundi wake kwa jina, anajua bomba lipi lilipita chini ya ukumbi mwaka ule wa ukarabati, na akiamua leo asubuhi, jioni kazi imeisha.

Cha kwanza ni mita. Hoteli nyingi ndogo zina mita moja ya umeme na moja ya maji kwa kila kitu, kwa hiyo bili ikija kubwa kila mtu anamtazama mwenzake. Funga mita ndogo za ndani angalau sehemu tatu: dobi, jiko, na mkondo wa vyumba. Halafu chagua mtu mmoja azisome kila asubuhi saa ileile na kuandika kwenye daftari. Tumia karatasi, maana programu ya simu itasahaulika baada ya wiki mbili. Gawanya matumizi kwa idadi ya wageni waliolala. Wageni wawili wakilala siku tatu, hesabu sita. Bila mgawanyo huo utajipongeza mwezi wa ukame wa wageni na kujilaumu mwezi wa neema, na namba zote mbili zitakuwa zimekudanganya.

Mita ya maji ina siri moja nzuri. Isome kabla watu hawajalala, kisha isome tena alfajiri kabla ya mtu yeyote kufungua bomba. Kati ya hapo inapaswa kusogea kidogo sana. Ikiwa imekimbia, kuna mahali maji yanavuja, na utakuwa umeligundua bila kununua kifaa chochote. (Hakikisha mita unayoisoma iko baada ya tangi la juu. Iliyo kabla ya tangi inaweza kukimbia usiku kwa sababu tangi linajaa tu.) Mara nyingi mkosaji ni choo. Tangi la choo lenye mpira uliochakaa linaweza kupoteza zaidi ya lita 200 kwa siku bila hata kutoa sauti. Tia matone ya rangi ya chakula ndani ya tangi, usivute maji, rudi baada ya nusu saa. Rangi ikionekana kwenye bakuli, badilisha mpira. Bomba linalodondosha tone moja kila sekunde, ambalo kila mtu hulalamikia kwa sababu ya kelele, hupoteza lita 20 hivi kwa siku. Tunawahi kurekebisha linalopiga kelele na kuliacha linalomaliza maji kimyakimya.

Kisha maji ya moto. Hapa naomba tukae kidogo, kwa kuwa wengi hukimbilia taa na kuacha hita. Kupasha moto lita 200 za maji kutoka nyuzi joto 20 hadi 60 kunahitaji zaidi ya uniti 9 za umeme, kabla hujahesabu joto linalopotea njiani. Taa ya LED ya wati 9 ikiwashwa saa tano kila usiku itachukua takriban miezi saba kutumia umeme huo. Kwa hiyo ukishabadilisha taa, jambo ambalo ni la lazima na halihitaji mjadala, bado hujaugusa mzigo wenyewe.

Dawa ya maji ya moto ina hatua, na mpangilio wake ni muhimu. Punguza kwanza kiasi kinachotumika. Bomba la mvua la zamani linamwaga lita 15 kwa dakika au zaidi, wakati lililotengenezwa vizuri linatoa 8 na mgeni hasikii tofauti. Kaoge mwenyewe kabla ya kununua ya vyumba vyote, kwa sababu ya hovyo yapo mengi, na mgeni aliyenyunyiziwa ukungu badala ya maji ataoga mara mbili zaidi na kukuandikia vibaya juu yake. Baada ya hapo vika mabomba ya moto na matangi koti la kuzuia joto. Mgeni anayesubiri dakika tatu maji yapate moto anamwaga maji safi na joto lililobaki ndani ya bomba. Ukishamaliza hayo ndipo ufikirie chanzo kipya: hita ya jua pale penye jua la kutosha, au hita ya aina ya pampu ya joto, ambayo kwa uniti moja ya umeme hukupa takriban tatu za joto kwa kulichota kutoka hewani.

Tahadhari moja, maana nimewahi kusoma ushauri wa hatari mtandaoni: usipunguze joto la tangi kuu hadi nyuzi 45 eti kwa kubana matumizi. Bakteria wa lejionela, wanaosababisha homa kali ya mapafu, hustawi kwenye maji ya uvuguvugu kati ya nyuzi 20 na 45. Tangi likae kwenye 60, kisha changanya na maji baridi karibu na mtumiaji ili asiungue.

Kiyoyozi kina hadithi mbili. Ya umeme inajulikana: safisha machujio, ziba nyufa za madirisha, weka kivuli nje ya kioo badala ya pazia ndani, funga swichi inayozima mashine mlango wa baraza ukiachwa wazi. Kile kitundu cha ukutani kinachowasha umeme wa chumba mgeni akichomeka kadi ya mlango sikiamini sana, maana wageni wameshajua kuchomeka kadi ya maktaba na kwenda zao pwani. Hadithi isiyosemwa sana ni ya gesi. Gesi ya R-410A, iliyomo kwenye viyoyozi vingi, ina nguvu ya kupasha dunia joto zaidi ya mara 2,000 kuliko kiasi hichohicho cha hewa ya ukaa. Kilo moja ikivuja ni sawa na tani mbili. Ndiyo maana nchi zilikubaliana mjini Kigali mwaka 2016, kwenye marekebisho ya Mkataba wa Montreal, kupunguza gesi za kundi hilo hatua kwa hatua. Fundi anayekuja kila miezi mitatu "kuongeza gesi" bila kutafuta tundu anakuuzia uchafuzi wa hewa kwa risiti. Mfumo wa kiyoyozi ni wa kufungwa, na gesi haiishi kwa kutumika. Ikipungua, imevuja. Na siku ya kununua mashine mpya, uliza aina ya gesi kabla ya kuuliza rangi: R-32 ina takriban theluthi moja ya madhara ya R-410A, na zipo zinazotumia propani, yenye madhara madogo kabisa lakini inayodai fundi aliyefunzwa kwa sababu inawaka.

Dobi nitapita haraka. Mashine ijae, maji yawe ya joto la chini pale doa linaporuhusu, na kamba ya kuanikia itumike wakati jua lipo. Mashine ya kukaushia inakula umeme vibaya.

Jikoni kuna jambo moja linalozidi mengine yote, nalo ni meza ya kujipakulia. Ripoti ya shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2024 ilikadiria kuwa tani bilioni 1.05 za chakula zilitupwa mwaka 2022, na asilimia 28 ilitoka kwenye migahawa, hoteli na huduma nyingine za chakula. Hoteli yenye wageni 15 haina sababu ya kupanga bakuli za wageni 40 asubuhi ili meza ionekane imeshiba. Pika kwa oda. Tumia sahani ndogo kidogo. Pima ndoo ya mabaki kwa mizani kila siku, ukitenganisha yaliyobaki jikoni na yaliyorudi kwenye sahani, kwa kuwa dawa zake ni tofauti: la kwanza ni kosa la makadirio, la pili ni kosa la kipimo cha mlo. Yasiyoepukika yageuzwe mboji. Yakizikwa dampo bila hewa yatatoa methani, gesi nyingine inayopasha dunia joto.

Sasa maji taka, sehemu ambayo hakuna mtu anayeipiga picha. Hoteli inaweza kuwa na sola juu ya paa na bado ikawa inaua matumbawe yaliyoiletea wageni, kwa sababu shimo lake la maji machafu linapenyeza nitrojeni na fosforasi kwenye maji ya ardhini hadi baharini. Mwani hulishwa, matumbawe hukosa mwanga na nafasi. Mtego wa mafuta wa jikoni ukijaa, mafuta yanaingia kwenye tangi la maji taka na kuharibu kazi ya bakteria wanaolisafisha. Usafishwe kwa ratiba, usisubiri harufu. Dawa za klorini zisimwagwe chooni kwa galoni, kwani nazo huua bakteria haohao. Kama kuna ardhi, bwawa la matete linaweza kuyasafisha zaidi maji yaliyotoka kwenye tangi kabla ya kumwagilia bustani. Hifadhi ya kisiwa cha Chumbe, Zanzibar, iliyotangazwa mwaka 1994, ilikwenda mbali zaidi: nyumba saba za wageni zenye mapaa yanayovuna mvua na vyoo vya mboji visivyotumia maji kabisa. Si kila mwenye hoteli atafika huko, lakini inaonyesha kwamba udogo wenyewe ndio unaofanya mambo hayo yawezekane.

Chupa ndogo za shampuu ziondolewe, zifungwe za kujaza ukutani. California imeshazipiga marufuku kwa sheria, kwa hoteli za vyumba zaidi ya 50 tangu mwaka 2023 na kwa ndogo tangu 2024. Hoteli za ufukweni zenye kasa wanaotaga zizime au zifunike taa zinazoelekea baharini msimu wa kutaga, kwa sababu vitoto hufuata mwanga na kuishia barabarani.

Na sola? Iwe ya mwisho, baada ya kupunguza. Ukifunga leo, utanunua paneli na betri za kulisha uvujaji. Ukifunga mwaka kesho, baada ya hita na viyoyozi kushughulikiwa, mfumo utakaokutosha utakuwa mdogo zaidi. Wauzaji hawatakwambia hivyo.

Haya yote hayatafanyika kwa amri ya mwenye hoteli aliyeketi ofisini. Mhudumu wa vyumba ndiye anayejua chumba kipi choo kinalia usiku, na mara nyingi alishasema akapuuzwa. Bili ikipungua, sehemu ya kilichookolewa iingie kwenye mishahara, iandikwe na ibandikwe ukutani. Kumwambia mtu anayelipwa kidogo abane matumizi kwa ajili ya vizazi vijavyo, huku faida ikibaki kwa mwajiri, naona ni ufedhuli.

Vyeti vina nafasi yake. Green Key, iliyoanzia Denmark mwaka 1994, inayajua mazingira ya hoteli, na Baraza la Utalii Endelevu la Dunia, GSTC, huweka vigezo ambavyo wanaotoa vyeti hupimwa navyo. Vigezo hivyo vinasomeka bure mtandaoni, kwa hiyo hoteli isiyo na fedha za ukaguzi inaweza kuvitumia kama orodha ya kazi mwaka huu na kuomba cheti baadaye. Kwa maneno ya tangazo, kuwa mwangalifu. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2024, ambayo tarehe yake ya kuanza kutumika ni Septemba 2026, inakataza kuwatangazia wateja madai ya jumlajumla ya "rafiki wa mazingira" bila uthibitisho. Mimi ningeandika kwenye tovuti lita za maji na uniti za umeme kwa kila mgeni kwa usiku mmoja, mwaka huu na mwaka jana, hata kama za mwaka huu zimepanda, na chini yake nieleze kwa nini zimepanda.