Mnyauko si ukungu, na kila chupa isiitwe dawa tu

Masika iliyopita shangazi yangu wa Isyonje, Mbeya, alipuliza viazi vyake mara tatu ndani ya wiki mbili, na bado viliendelea kulala. Asubuhi mche umesimama, jua likiwaka majani yanalegea yangali mabichi, baada ya siku chache umekufa. Dukani kwenye pembejeo alikuwa amesema, "Viazi vyangu vimeingiwa ukungu," akauziwa dawa ya ukungu. Hakuna aliyemwuliza majani yakoje.

Nilipofika nilikata shina moja karibu na udongo, nikaomba glasi ya maji safi. Nikalishika shina ncha yake iguse maji tu, bila kutikisa. Dakika chache zikapita, mara vinyuzi vyeupe vikaanza kushuka taratibu, kama moshi wa ubani uliogeuzwa chini juu. Shangazi akainama, akatazama weee, kisha akauliza, "Mwanangu, hicho ni nini?"

Ni bakteria. Ndiyo sababu ugonjwa unaitwa mnyauko bakteria, na dawa ya ukungu, yaani inayoua kuvu, haimponyi mche wenye bakteria huyu hata ukipuliza mara kumi. Yeye hukaa kwenye udongo, kwenye mbegu, kwenye maji yanayotiririka kutoka shamba la juu, hata kwenye jembe la kuazima. Dawa ya kupuliza ya kumponya mche ule haipo. Unang'oa, unaupeleka mbali, unatafuta mbegu safi, na shamba unalipanda mahindi au ngano kwa misimu kadhaa.

Inaniuma kwamba neno moja lilimlia shangazi hela ya mbegu.

Kwetu ukungu ni neno lililobebeshwa mizigo mingi mno. Ni ule unaoshuka milima ya Uporoto alfajiri hadi humwoni ng'ombe wako, ni ule wa kwenye mkate uliolala, na ni kila doa linalotokea kwenye jani. Wazee waliposema ukungu ndio unaochoma viazi hawakukosea sana, maana bakajani chelewa, ugonjwa unaounguza majani ya viazi, hupenda hasa baridi na unyevunyevu. Lakini huo una alama zake: madoa kama jani limemwagiwa maji ya moto, yanageuka kahawia, na ukiligeuza jani mapema asubuhi unakuta utando mweupe chini yake. Hata hilo "chelewa" lipotezee, kwa sababu mvua zikishika unaweza kuingia viazi vingali vichanga.

Neno "dawa" nalo lina lawama yake. Kiuakuvu ni dawa, kiuadudu ni dawa, kiuagugu ni dawa, hata busta, mbolea ya kupuliza kwenye majani, ni dawa! Mtu akiomba "dawa ya viazi" muuzaji afanye nini? Na ndani ya viuakuvu vyenyewe kuna tofauti: mankozebu hukaa juu ya jani na kulikinga, metalaksili hupenya ndani ya mmea. Anayesubiri shamba liwe limeungua ndipo apulize cha kukinga peke yake amechelewa.

Wataalamu wetu wanaweza kuteua maneno vizuri wakitaka. Kiwavijeshi vamizi, mdudu anayekula mahindi, alipoingia Tanzania 2017, lile "vamizi" lilimtenga na viwavijeshi tuliowazoea, na mkulima akaonyeshwa alama kama herufi Y iliyopinduliwa kwenye paji la uso wake na madoa manne karibu na mkia. Jina limekuja pamoja na kitu cha kutazama. Hivyo ndivyo ninavyotaka kila istilahi ifike kijijini. Namba za kwenye mfuko wa mbolea ya DAP, 18-46-0, ziwe zimetajwa kwa kilo: mfuko wa kilo 50 una kilo 9 za naitrojeni. Basi, mtu anaelewa.

Shangazi sasa amelima mahindi pale, na viazi amehamishia kipande cha juu. Jembe la jirani haligusi kabla halijaoshwa. Wiki iliyopita tulikwenda wote dukani, amebeba jani amelifunga kwenye gazeti. Akaliweka juu ya kaunta, akamwambia kijana, "Ligeuze, tazama chini yake, kisha uniambie kama hii ni kuvu."