Picha za utalii za Mohamed Amin: nani aliachwa bila jina?

Mpigapicha wa habari Mohamed Amin akitajwa, wengi hukumbuka Korem. Oktoba 1984 alirekodi huko kaskazini mwa Ethiopia picha za maelfu ya watu waliokuwa wakifa kwa njaa, na ripoti aliyoiandaa pamoja na mwandishi wa habari Michael Buerk ilipooneshwa na BBC tarehe 23 ya mwezi huo, dunia ilishtuka. Mwaka uliofuata likafanyika tamasha la muziki la Live Aid, la kuwachangia wenye njaa hao. Wachache hukumbuka kwamba mtu huyohuyo alitumia miaka mingi kuitangaza Afrika Mashariki kama mahali pa kutembelea, kwa vitabu vikubwa vya picha, miongozo ya wasafiri na majarida ya abiria wa ndege. Upande huo wa kazi yake ndio ninaotaka kuupima, kwa sababu husifiwa au hupuuzwa bila kuchunguzwa.

Amin alizaliwa Nairobi mwaka 1943, akakulia Dar es Salaam, na huko ndiko alikoanzisha kampuni yake ya picha, Camerapix, mwaka 1963, akiwa kijana wa miaka 20. Baada ya kazi yake ya habari kumfikisha katika gereza la Kiinua Miguu kule Zanzibar mwaka 1966, alikoshikiliwa karibu mwezi mzima, maisha yake yalihamia Nairobi. Kitabu chake kuhusu Ziwa Turkana kilitoka mwaka 1981, cha Kenya, alichokiandaa na mpigapicha Duncan Willetts na mwandishi Brian Tetley, mwaka 1982, na cha Tanzania mwaka 1984, mwaka uleule wa Korem.

Wanaomtetea wana hoja nzito. Kwa miongo mingi picha za nchi hizi zilipigwa na wageni waliokuja kwa msimu mmoja, wakaondoka na filamu zao, na mwenyeji akitaka kuiona picha ya kijiji chake ilimbidi aitafute Ulaya. Amin alikuwa mwenyeji, kampuni ilikuwa yake, na hazina ya picha ilibaki Nairobi. Tukumbuke pia hali ya wakati ule: Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na tangu hapo safari ya kamera ikawa ndiyo bidhaa kuu ya mbuga zake, mwaka huohuo Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa hadi 1983. Katika miaka hiyo ya nchi kupeana mgongo, mtu aliyekuwa akizipiga picha zote mbili kwa jicho la mwenyeji alifanya kazi ambayo serikali zenyewe zilikuwa zimeshindwa kuifanya.

Wanaomkosoa nao hawasemi upuuzi. Picha ya utalii huchagua, na inachokiacha nje hakionekani tena. Nyika ya Serengeti ikioneshwa tupu, yenye nyumbu na mawingu tu, msomaji hawezi kujua kwamba Wamaasai waliondolewa humo mwaka 1959 na kupelekwa Ngorongoro. Isitoshe, wanasema, biashara hii huishi kwa vibali vya wizara, vyumba vya hoteli na mikataba ya mashirika ya ndege, na anayeitegemea huogopa kuwaudhi wenye navyo. Camerapix ililichapishia Shirika la Ndege la Ethiopia jarida lake la abiria, na ni katika ndege ya shirika hilo, iliyotekwa na kuanguka baharini karibu na Ngazija tarehe 23 Novemba 1996, kwamba Amin alifariki, na Tetley pamoja naye.

Hata hivyo, sikubali kwamba alikosa ujasiri. Mtu aliyefungwa kwa ajili ya picha, kisha akapoteza mkono wa kushoto katika mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa mwaka 1991 na bado akarudi kazini, hawezi kuitwa mwoga. Kasoro ninayoiona iko kwingine, nayo ni kasoro ya kitabu cha utalii kama aina ya kazi. Mchukue mama wa Kiturkana ambaye kila msomaji wa vitabu hivi amekutana naye: shanga zimepandana kutoka mabegani hadi kidevuni, macho yamefinywa dhidi ya upepo wa ziwani, na chini ya picha limeandikwa kabila lake, si jina lake. Husemwa kwamba mtalii hataki mambo mazito. Hoja hiyo hainiridhishi, kwa maana jina la mtu si jambo zito. Ni neno moja au mawili tu katika maelezo ya picha.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema kwamba picha za fukwe na mbuga zilirekebisha sura ya Afrika iliyotoka Korem. Ziliongeza sura nyingine, ya kupendeza na ya kweli, na kwa hilo tunamshukuru. Lakini waliokufa Korem walioneshwa bila majina, na waliotabasamu Turkana vilevile. Mgeni alifundishwa kuhurumia umati na kuvutiwa na umati, bila kukutana na mtu hata mmoja.

Kasoro hii bado inarekebishika, maadamu hazina ipo Nairobi, chini ya uangalizi wa mwanawe, Salim Amin. Picha za Turkana zichapwe tena na kupelekwa Loiyangalani na vijiji vingine vya kando ya ziwa, zitandazwe mkekani mbele ya wazee. Waliokuwa watoto mwaka 1981 leo ni watu wazima wa miaka hamsini, nao wanaweza kuinyooshea kidole picha moja baada ya nyingine na kusema huyu ni nani, mtoto wa nani.